Kichomi Kikali: Dawa Iliyopimwa Katika Hospitali 18 za Kenya

Katika kambi ya wakata mkonge nilikokulia alikuwako jirani yetu mmoja, mtu wa miraba minne, ambaye sisi watoto tulimwita Baba kwa heshima ingawa hakutuzaa. Jioni moja alirudi kutoka shambani akitetemeka kwa baridi. Kesho yake aliamka akaenda kazini hivyo hivyo, kwani mnyapara alikuwa amekwisha kutangaza kwamba asiyeonekana mstarini asubuhi atahesabiwa mtoro. Siku ya tatu alikwenda zahanati ya shamba, akapewa vidonge vya malaria na kurudishwa nyumbani. Siku ya nne ubavu ulimchoma kila alipovuta pumzi, na makohozi yakatoka yenye rangi ya kutu. Usiku wa siku ya tano wanaume wanne walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabara kuu kutafuta gari. Alifika hospitali akiwa hai, akachomwa sindano ya penisilini. Hakuliona jua la siku ya pili.

Watu wa kambini walisema amechelewa, na ni kweli alichelewa. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa siku ile. Penisilini ni dawa ya kweli, tena ndiyo iliyotakiwa. Ilikuwaje dawa ikaingia mwilini na mtu akafa?

Swali hilo limewahangaisha madaktari wa dunia kwa miaka mingi, na mwaka 2025 sehemu ya jibu lake ilitoka kwa jirani zetu wa Kenya. Ilitoka katika wodi za hospitali za serikali, zile zile anazolazwa mchuma chai, kuli wa bandarini na fundi wa kiwandani. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa wasomaji wetu waipate habari hii kwa ukamilifu, pamoja na namna kazi yenyewe ilivyofanywa, maana neno "majaribio" huwatia watu hofu, na hofu hiyo haikuzuka bure.

MAPAFU YANAPOJAA

Ugonjwa huu wengine huuita kichomi, wengine homa ya mapafu, na hospitalini utasikia nimonia. Ndani ya mapafu kuna mamilioni ya vifuko vidogo sana vya hewa. Hapo ndipo damu inapochukua oksijeni. Vijidudu vikiingia na kuzaliana humo, mwili hupeleka askari wake kupigana, na vita hivyo hujaza vifuko maji na usaha. Kifuko kilichojaa maji hakipitishi hewa. Mgonjwa huhema mbio kama aliyepanda mlima, na hali amelala kitandani.

Mtu yeyote anaweza kupatwa, lakini kazi nyingine humsogeza mtu karibu zaidi na ugonjwa huu. Imethibitishwa kwa mfano kwamba wachomeleaji vyuma, kwa sababu ya ule moshi wa chuma wanaouvuta, hupatwa na nimonia kali kuliko wafanyakazi wengine. Uingereza wameshauriwa wachanjwe. Ndugu zetu wa karakana walitie akilini jambo hilo watakapokaa na mwajiri kuzungumzia vifaa vya kujikinga.

Zamani hapakuwa na dawa yoyote. Kisha, mwaka 1938, madaktari wawili wa hospitali moja ya Birmingham, Uingereza, Evans na Gaisford, walitoa habari ya vidonge vipya vilivyojulikana kwa namba, M&B 693. Waliwapa vidonge wagonjwa 100 wa nimonia, na wengine 100 wakawatunza kama kawaida bila vidonge hivyo. Katika wale waliokosa walikufa 27. Katika wale waliopewa walikufa 8. Waziri Mkuu Churchill alipougua nimonia akiwa Tunisia mwezi Desemba 1943, alimeza vidonge vya namna hiyo hiyo akapona.

Baadaye ikaja penisilini, na watu wakadhani habari ya kichomi imekwisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Marekani, Austrian na Gold, walitazama wagonjwa wao wa nimonia iliyokuwa imeingia mpaka kwenye damu, wakaona jambo la kusikitisha. Penisilini iliwaokoa wengi waliopita siku za mwanzo, lakini wale waliokuwa wafe katika siku tano za kwanza za ugonjwa waliendelea kufa karibu sawasawa na zamani, dawa wakiwa wameipata. Vijidudu vinauawa, lakini madhara yamekwisha kufanyika, na vita vya mwili wenyewe vinaendelea kuunguza mapafu hata adui akiwa amelala chini. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka jirani yetu.

Basi likazuka wazo: je, tukimpa mgonjwa dawa ya kuua vijidudu, na pamoja nayo dawa ya kupoza vita hivyo? Dawa za kupoza zipo, nazo ni za kundi la steroidi. Ni ndugu wa ile homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika tezi zilizo juu ya figo. Si ghali na si ngeni. Hutumika kwa pumu na kwa magonjwa mengine mengi. Hatari yake iko wazi: ukiwapoza askari wa mwili, vijidudu vinaweza kupata nafasi ya kuinuka tena. Kwa hiyo madaktari waligawanyika kwa miaka mingi, huyu anatoa, yule anakataza, kila mmoja akitegemea wagonjwa wachache aliowaona yeye.

KURA YA SHAMBANI

Hapa lazima tueleze jinsi ubishi wa namna hiyo unavyomalizwa, na mfanyakazi wa shamba ataelewa haraka kuliko karani wa mjini.

Wengi wenu mmepata kuona kwenye mashamba makubwa vile viwanja vya majaribio vyenye vibao vya namba. Bwana shamba anataka kujua kama mbolea mpya inafaa. Akiitia kiwanja cha bondeni, penye rutuba na maji, kisha akalinganisha na kiwanja cha mlimani kisicho na mbolea, hatajua kilichozidisha mavuno ni mbolea au ni bonde. Na akijichagulia viwanja mwenyewe, hata akiwa mtu mwaminifu, moyo wake utapendelea. Dawa yake ni kupiga kura: namba zichaguliwe bila mkono wa mtu, mbolea iende inakoangukia. Njia hiyo ilijengwa na mtaalamu wa hesabu, Fisher, katika kituo cha kilimo cha Rothamsted huko Uingereza katika miaka ya 1920.

Kutoka shambani, kura ikaingia hospitalini. Mwaka 1948 Waingereza walichapisha matokeo ya kupima streptomisini kwa kifua kikuu, na wagonjwa walikuwa wamegawanywa kwa kura. Dawa ilikuwa haba sana nchini mwao baada ya vita, haikuwatosha wote, na waliona ni haki zaidi kura iamue kuliko daktari ampe rafiki yake.

Msomaji atauliza: lakini mtu si kiwanja cha chai. Ni kweli. Na hapa hatuna budi kusema historia yetu wafanyakazi, kwa sababu nimonia na majaribio vimekutana miilini mwetu zamani.

Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini mwanzoni mwa karne iliyopita, nimonia ilikuwa ikiwaua vijana waliotolewa nchi za joto kwa kiasi cha kutisha. Walilazwa wengi katika kambi zilizosongamana, wakatoka jasho chini ya ardhi, wakapanda juu kwenye baridi ya asubuhi. Mwaka 1911 wenye migodi walimwita mtaalamu wa Uingereza, Almroth Wright, aje kujaribu chanjo, na wafanyakazi wakachanjwa kwa makumi ya maelfu. Wakati ule hapakuwa na azimio lolote la kimataifa la kumlazimu mtafiti kuomba ridhaa ya mtu, na kibarua wa mgodi hakuwa katika hali ya kusema hapana. Chanjo yenyewe ilibishaniwa. Vifo vilizidi mpaka mwaka 1913 serikali ikapiga marufuku kuajiri watu wa kaskazini ya latitudo ya 22.

Tena katika miaka ya 1970 yule yule Dkt. Austrian alirudi katika migodi hiyo kupima chanjo mpya ya nimonia, safari hii kwa utaratibu mzuri zaidi, na ilifaa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1977 chanjo ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Vifua vya wachimbaji wa Afrika vilithibitisha dawa hiyo, na wazee wa Marekani wakafaidika. Hatuwaonei wazee hao wivu. Tunataka tu msomaji ajue kwamba anayekunja uso akisikia neno "majaribio" ana sababu zake.

Baada ya maovu yaliyofichuliwa katika vita vya pili vya dunia, zilitungwa kanuni za Nuremberg mwaka 1947, na mwaka 1964 chama cha madaktari wa dunia kikapitisha Azimio la Helsinki. Leo utafiti kwa binadamu unapaswa kupitishwa kwanza na kamati ya maadili, mgonjwa aelezwe na akubali kwa hiari, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

KILICHOFANYIKA KENYA

Steroidi zilipata nguvu mpya wakati wa UVIKO. Mwezi Juni 2020 Waingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, steroidi ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji hata oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Lakini UVIKO ni virusi. Je, kichomi cha kawaida?

Majibu ya kwanza yalipingana. Mwaka 2022 jaribio la Marekani lililofanywa katika hospitali za askari wastaafu halikuonyesha faida. Mwaka 2023 Wafaransa wakatoa lao: karibu wagonjwa 800 wa nimonia kali, wote katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Waliopewa steroidi walikufa 6 hivi katika kila 100, na wasiopewa walikufa karibu 12.

Habari njema, lakini kwa nani? Chumba cha mahututi cha Ufaransa kina kitanda chenye mashine, maabara usiku na mchana, na muuguzi hatua chache kutoka kwa mgonjwa. Mtu wa kwetu hulazwa wodi ya kawaida. Huenda hata picha ya eksirei hakupigwa siku hiyo. Huenda ana kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, na steroidi zinaweza kukipa nafasi. Dawa iliyofaa Paris ingeweza kuua Afrika. Hakuna aliyejua, na kutojua huko kungeendelea kama wataalamu wa hapa hapa wasingeamua kulipima jambo lenyewe.

Waliolipima ni watafiti wa KEMRI-Wellcome, shirika lenye makao Kilifi na Nairobi, pamoja na wenzao, akiwamo Dkt. Ruth Lucinde aliyeongoza kuandika ripoti yake. Walichukua hospitali 18 za umma nchini Kenya. Walioingizwa ni watu wazima 2,180 waliolazwa kwa nimonia, ambao hawakuwa na ugonjwa mwingine unaowalazimu kupewa steroidi. Nusu ya wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 53 au zaidi. Wanawake walikuwa karibu nusu.

Kura ikapigwa. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida ya nimonia, yaani antibiotiki na mengineyo ambayo hospitali huwapa wote. Kundi la pili lilipata matibabu hayo hayo, na juu yake steroidi kwa kiwango kidogo kwa siku 10. Angalieni hapa: hakuna aliyenyimwa antibiotiki ili atazamwe atakavyokufa. Hakukuwa na vidonge vya kudanganyia pia. Daktari na mgonjwa wote walijua nani anapewa nini. Wataalamu wengine huliona hilo kuwa kasoro, maana anayejua amepewa dawa mpya huweza kusema anajisikia nafuu. Lakini hapa kilichohesabiwa ni kimoja tu: baada ya siku 30, mtu huyu yu hai au amekufa? Kifo hakidanganywi na matumaini.

Katika waliopata matibabu ya kawaida peke yake walikufa 284, yaani 26 katika kila 100. Katika walioongezewa steroidi walikufa 246, yaani chini kidogo ya 23 katika kila 100. Madhara mengine mabaya hayakutofautiana sana baina ya makundi mawili.

Tofauti ni watu watatu na ushee katika kila 100. Mtu anaweza kusema ni wachache. Basi na akae kwenye benchi nje ya wodi awahesabu wagonjwa 30 wakiingia, kisha aseme ni yupi kati yao asiyestahili. Kwa hesabu hizo, katika kila 30 hivi waliopewa dawa, mmoja alirudi nyumbani ambaye pengine angebebwa. Na ni dawa ambayo hospitali nyingi tayari zinayo kabatini.

NAMBA AMBAYO HAIKUSHUKA

Magazeti mengi yameishia kwenye ushindi huo. Mimi jicho langu liligandama kwenye namba nyingine. Hata walioongezewa steroidi, zaidi ya mmoja katika kila watano walikufa ndani ya mwezi. Ufaransa, wagonjwa walioteuliwa kwa kuwa mahututi, na wakakosa steroidi, walikufa 12 katika 100. Wagonjwa wa makundi hayo si sawa kwa kila kitu na hesabu hazilingani neno kwa neno, lakini pengo hilo ni pana mno kuelezwa kwa kidonge. Ndani yake mna mitungi ya oksijeni isiyotosha, mna muuguzi mmoja kwa vitanda vingi, mna siku tatu za kwanza zilizopotea kambini kwa kuogopa mnyapara.

Nawaonya pia ndugu zangu wasiikate habari hii nusu. Tayari dukani watu hununua deksamethasoni na prednisoloni bila cheti, wengine ili wanenepe, wengine kwa kila kikohozi. Kilichopimwa Kenya ni dawa iliyotolewa na daktari kwa mtu mzima aliyelazwa, akiwa chini ya antibiotiki, kwa siku zilizohesabiwa. Steroidi hupandisha sukari ya damu na huweza kuficha kifua kikuu mpaka kichelewe. Mtu mwenye kikohozi cha kawaida hana anachopata humo ila hasara.

Na ikitokea siku moja wewe au mwenzio mmelazwa, akaja mtu mwenye koti jeupe na karatasi za utafiti, msikimbie, wala msitie dole gumba upesi ili aondoke. Muulizeni ni dawa gani, imepata kutumika wapi, na asiyeangukiwa na kura atapata matibabu gani. Muulizeni madhara yakitokea nani atayagharamia. Muulizeni kama dawa ikifaa hospitali hii itabaki nayo, au itakwenda kuuzwa kwa wengine kama ile chanjo ya migodini. Aelezee kwa lugha mnayoielewa. Mtafiti mwema hachukii maswali hayo, huja nayo ameyaandika tayari.

Matawi nayo yana lao la kuweka mezani katika mazungumzo ya mwaka huu. Ruhusa ya ugonjwa ianze siku ya kwanza ya homa, kwa neno la mganga na bila kupitia kwa mnyapara. Zahanati ya shamba iwe na kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni kuonyesha oksijeni ya damu, chombo kisichohitaji daktari kukisoma. Dalili za kumpeleka mtu hospitali moja kwa moja zibandikwe ukutani: kuhema mbio akiwa amekaa, midomo kugeuka rangi, kuchanganyikiwa maneno. Na gari la kampuni, lile linalolala limefungwa karibu na ofisi, funguo zake ziachwe usiku kwa mtu anayejulikana.

Jambo la mwisho ni kwa wale walioacha jamaa zao mbali, nao ni wengi katika makambi. Mgonjwa wa nimonia kali mara nyingi hufika hospitali hajitambui, na mtu wa kusema kwa niaba yake ni jamaa. Jamaa yuko safari ya siku mbili. Andikeni kwenye kadi zenu za zahanati jina la mwenzenu wa kambini mnayemwamini, na mwambieni mapema kwamba mmemwandika, ili atakapoitwa usiku ajue cha kusema.